Kisu Alichokichagua Mama Mwenzangu

Nekesa,

Umeenda kusukwa nywele na umeniambia nisikungoje kwa chai, kwa hivyo nina alasiri nzima ya kuchanganyikiwa peke yangu. Nimekaa hapa mezani na kisanduku cha vyombo kiko wazi mbele yangu. Mvua ya Kitale inataka kunyesha na pia haitaki. Kesho asubuhi unaenda Bungoma, kukaa na mwanamke anayesema ndiye aliyekuzaa. Tangu Jumatano nimejaribu kukwambia jambo fulani, na kila nikifungua mdomo yanatoka maneno ya sweta na chandarua. Hayo ya sweta yamekwisha. Wewe ni mtu mzima, ukisikia baridi utavaa.

Jambo lenyewe ni lile nililofanya siku alipokuja kibandani, wewe ukiwa umeenda kutuma mzigo wa mteja wa Nairobi. Nikilitaja hivi hivi utanikasirikia kabla ya kuelewa. Pengine ukielewa utanikasirikia zaidi. Acha nianzie mbali kidogo, unajua mimi sina njia ya mkato.

Nilirudi hapa kutoka kwa ndoa yangu ya Eldoret bila mtoto na bila hamu ya kuongea na mtu. Nikakukuta umebebwa mgongoni na Shosho wako, mama yangu, pale kibandani, katikati ya vijiko vya kizungu vya kuuza. Nilidhani ni mtoto wa jirani. Shosho akanieleza kwamba msichana mmoja wa Kibukusu, Nasimiyu, aliyekuwa akifanya kazi ya nyumba katika shamba moja la zamani upande wa mlimani, amekuacha na mfuko wa nguo akisema anaenda matanga kwao Bungoma na atarudi. Hakurudi. Mimi sikuwahi kumwona hata siku moja. Aliyemjua sura ni Shosho, na Shosho tulimzika.

Ndani ya ule mfuko kulikuwa na kisu kidogo cha siagi. Hii sehemu unaipenda, umeniomba niirudie tangu ukiwa huwezi kufunga kamba za viatu. "Shosho, umkwaluzie ndizi na haka," msichana alisema. "Hakakati. Ndio amezoea." Shosho alikuwa akimwiga vizuri sana, na ile "umkwaluzie" yote, mpaka wateja wakacheka. Basi ulikuwa unalishwa ndizi kwa kisu cha mzungu, na ukipewa kijiko cha kawaida unakitema.

Mimi sikujua lolote kuhusu vyombo hivi. Nilikuwa nikiviona kama takataka za watu waliokufa. Shosho alizunguka kwenye zile nyumba za mawe zenye dohani walizoacha wazungu, akinunua vitu ambavyo wenye nyumba wa sasa hawakujua ni vya kazi gani. Kule Ndalu alimkuta mama mmoja akipimia kuku chakula kwa kijiko kikubwa cha kupakulia, kirefu kama mkono wa mtoto, na mgongoni mwa mpini palikuwa na chapa ya simba mdogo anayetembea, mguu mmoja wa mbele ameuinua. Simba huyo ndiye shahidi kwamba chombo ni fedha tupu ya Uingereza. Kando yake palikuwa na nanga. Shosho alifikiri kijiko kilitoka kwenye meli, mpaka mteja mmoja mzee akamwambia nanga ni alama ya mji wa Birmingham. Kisha wewe ukaenda kutafuta kwenye simu ukatuambia mji huo hauna hata bahari. Nilicheka siku hiyo, lakini pia nilichoka. Kama wenye nanga hawana bahari, mtu atajuaje kitu kwa alama yake?

Na ile aibu yangu ya E.P.N.S. unaijua, lakini nataka niiandike mwenyewe kabla hujaenda kuisimulia Bungoma kwa kuongeza chumvi. Nilipoanza kukaa kibandani nilikuwa nikikuta hizo herufi nne nyuma ya visu, nyuma ya uma, nyuma ya upawa wa mchuzi, kila mahali. Nikaamua ni jina la mwenye mali. Nikamwaza mama mmoja mzungu, tajiri kupindukia, mwenye nyumba kutoka Kitale hadi Ndalu na vijiko katika kila moja. Nilikuwa nikiwaambia wateja, "Hiki kilikuwa cha Bibi E.P.N.S. mwenyewe." Kumbe herufi hizo zinasema tu kwamba kitu si fedha, kimepakwa fedha juu ya madini mengine. Kwa miaka mingi nilisifia upako nikidhani ni ukoo.

Halafu neno lenyewe halisaidii. Ukimwambia mtu wa Kitale, "Hiki ni kisu cha fedha," anakuuliza fedha ngapi.

Wewe ndiye uliyenitoa kwenye ujinga huo. Ulipoanza kupiga video zako za simu, ukiweka kisu juu ya kile kitambaa cheusi, uliniambia, "Mami, usiseme ni kizuri. Kila mtu anasema chake ni kizuri. Sema unachoona, halafu useme unachodhani, na usichanganye." Nilinuna, kwa sababu yai halimfundishi kuku. Lakini ulikuwa sahihi. Kisu cha siagi kikubwa, kile cha kukaa kwenye sahani katikati ya meza, kina tumbo pana na ncha iliyopinda, ili kidokoe kipande. Kile kidogo cha kila mtu kina pua ya mviringo na makali butu, kwa sababu kazi yake ni kupaka, si kukata. Hayo unayaona. Kama kilichopakwa fedha kimechakaa mahali panapogusa meza, unaona rangi ya chini inachungulia. Hayo pia unayaona. Nani alikishika na kwa nini alikiacha, hayo unadhani tu.

Sasa nafika kwenye kisu chako.

Nilikuwa nimekaa na Shosho miezi michache. Niliona kisu chako kimeingia weusi nikadhani ni uchafu. Nikakisugua kwa stilwaya na jivu, kama tunavyosugua sufuria za sherehe, mpaka kikang'aa na mgongo ukawa laini. Kama palikuwa na simba, nilimsugua. Kama zilikuwa herufi nne, nilizisugua pia. Leo hakuna anayeweza kusema ni fedha au ni upako. Halafu nikakijaribu kwenye kitunguu, kikateleza. Nikakasirika. Mimi ni mtoto wa wakulima, kwetu kisu kisichokata ni aibu ya mwenye nyumba. Siku hiyo mzee wa kunoa alipita na baiskeli yake ya jiwe, nami nikampa kisu chako pamoja na panga na kile cha jikoni. Jiwe lilikila sana. Ile pua ya mviringo ikawa ncha, na ubavu ukawa mwembamba.

Mchana Shosho akakwaruza ndizi kama kawaida, akakuwekea mdomoni.

Kovu la mdomo wako ndilo hilo. Hujawahi kunilaumu. Ulipokuwa darasa la pili uliwaambia wenzako kwamba ulipigana na chui wa Mlima Elgon, na mwalimu akaniita. Lakini mimi najua kwamba kwa siku moja, kwa kutaka kitu kiwe na maana ninayoijua mimi, niliharibu kisu na nikakutia alama. Shosho hakunigombeza. Alisema tu, "Wanjiru, ungeuliza ni cha nini." Ningetamani anigombeze.

Na si kisu pekee. Nilikulea kwa Kiswahili na Kiingereza, na Kikuyu kidogo cha kugombezea. Kibukusu nilikiacha nje ya mlango. Wamama wa sokoni walikusalimu "Mulembe" na wewe ukanitazama mimi ili nikutafsirie. Ningeweza kukupeleka kwa mmoja wao ukajifunza. Walikuwa tayari, walikupenda. Sikutaka. Niliogopa ukilijua lile neno la kwanza utaenda kutafuta la pili. Kesho utaingia nyumba ambayo watu watakuzunguka kwa furaha na wewe hutaelewa wanachofurahia. Wakisema "Mulembe", jibu "Mulembe". Nimeuliza. Ndicho nilichonacho, na kimechelewa kuja.

Basi akaja. Nilikuwa napanga koleo za sukari. Mwanamke mnene kiasi, mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, akasimama akiangalia meza yetu kama mtu anayesoma.

"Natafuta Mama Nekesa," akasema.

"Ndiye mimi."

Akasema polepole, bila kiburi chochote, "Hapana. Ni mimi."

Nekesa, soko lote linaniita hivyo. Fundi wa viatu, mwenye mahindi, hata pasta. Wanjiru alibaki kwa kitambulisho tu. Niliposikia yale maneno nilishika meza.

Alinieleza. Sasa anauza vitunguu anavyotoa mpakani Lwakhakha, ana nyumba Bungoma. "Niliona kwa simu ya dada wa kanisa," alisema. "Msichana ameshika kisu anaelezea. Ati ni Nekesa wa Kitale. Nikaangaria macho, nikaangaria tena. Nikasema, si huyu ni wangu?" Nilimuuliza kwa nini hakurudi. Alisema alirudi, mara moja, akasimama mbali akakuona mgongoni mwa mwanamke mwingine, umenona, unacheka. "Nilikuwa mtoto, bana. Sikuwa na kitu. Nikaona nikikuchukua nitakuua na njaa." Alisema "nikikuchukua" kana kwamba ni wewe uliyekuwa mbele yake, si mimi.

Mtu mwema angemkalisha na kumpa chai. Mimi nilitoa kitambaa cheusi.

Nilikitandaza, nikapanga visu vya siagi vile vidogo, safu nzima. Nikatia chako katikati. Nikamwambia, "Aliyemwacha mtoto aliacha na kisu. Kiko hapa. Tuonyeshe."

"Mama, ni miaka mingi."

"Mzazi anajua," nikasema. Tena nikamwongezea methali: uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nilisema kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kulala hospitalini na mtoto mwenye homa, ilhali nimelala, na ninajua kwamba uchungu huo haukunikagua cheti.

Sasa nakuandikia nilichoona. Hakutazama mipini. Hakutazama mapambo. Alipitisha kidole gumba kwenye ubavu wa kila kisu, kimoja baada ya kingine. Alipofika kwa chako aliondoa mkono haraka. "Hiki kinakata," akasema, akakisukuma kando. Akaendelea mpaka kile chenye pua ya mviringo, kile ulichokinunua wewe mwaka jana kutoka nyumba ya daktari. Akakishika kifuani. "Ni haka," akasema. "Hakakati."

Nami nikamwambia, "Umekosea."

Nilifurahi, Nekesa. Sitakuficha. Nilifurahi kama mtu aliyeachiliwa na askari. Yeye alikaa kwenye kile kiti chetu cha plastiki akalia bila sauti, na mimi nikakunja kitambaa vizuri, pembe kwa pembe, kama mwenye duka aliyemaliza mauzo.

Halafu ukarudi. Uliona anavyokutazama. Uliona pia uso wake ulivyobadilika alipofika kwenye mdomo wako, na ulimsikia akisema, "Wangu hakuwa na kovu." Kwa hivyo hata yeye hakuwa na uhakika. Wanawake wawili wazima tumesimama pale, mmoja anatilia shaka kisu na mwingine anatilia shaka mdomo. Mimi nikataja kipimo cha damu, kile cha hospitali. Ukatugeukia sote wawili. "Mimi si kijiko, Mami, mnigeuze mgongo mtafute muhuri," ukasema. "Nitaenda nikae na yeye. Nikikaa nitajua." Ukamuuliza kama anakutaka hivyo hivyo, bila uhakika. Akasema, "Kuja tu. Hata kama si wewe, kuja."

Tangu siku hiyo sina usingizi wala akili. Mchana huu nimetoa vile visu viwili, chako na alichokichagua yeye, nimeviweka kando kando hapa mezani. Mipini inafanana. Mstari mwembamba unazunguka ukingo kwa wote wawili, na urefu ni uleule. Kile cha daktari ndivyo chako kilivyokuwa kabla ya lile jiwe la baiskeli. Alichagua kisu kama kilivyokuwa alipokiacha. Nilichomwekea mimi ni kisu nilichokitengeneza.

Na lile neno. "Hakakati." Shosho alilirudia mbele yangu mpaka nikalizoea, na siku mwenyewe aliposimama mbele yangu akalisema, mimi nikasikia ushindi wangu tu.

Lakini ngoja. Nikifika hapo najiambia, Wanjiru, acha wazimu. Ni kisu cha siagi, angesema kinakata nini? Msichana yeyote aliyewahi kupanga meza ya mzungu angechagua kile butu. Na watu wa Bungoma kila kitu kwao ni "haka" na "kale", hata ng'ombe. Pengine aliambiwa na mtu. Pengine kidole chake kiliogopa tu makali, kama kidole cha mtu yeyote. Nasimama, nachemsha maji, nasahau kuweka majani, narudi kukaa. Najua kutambua upawa wa mchuzi uliochovywa fedha mara mbili nikiwa nimefumba jicho moja, na sijui kama mwanamke huyu ni mama yako.

Watu watakwambia damu ni nzito kuliko maji. Wengine watakwambia kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nimeyapima yote mawili na kila moja lina uzito kwa saa zake. Asubuhi naamini hili, jioni naamini lile. Kama ungeniuliza mimi mamako nikupe ushauri, ningekwambia usiende. Halafu ningekukimbiza barabarani nikupe nauli. Hapo ndipo nilipo.

Kitu kimoja tu sikibahatishi. Nilimwambia amekosea, na kwa kile nilichomuuliza hakukosea. Kisu alichokiacha kilikuwa hakikati. Alikataa kinachokata. Awe ni mama yako au asiwe, jibu lake lilikuwa sahihi na langu lilikuwa uongo. Amerudi Bungoma akiamini kwamba alipewa nafasi ya kumtambua mwanawe na akashindwa, na pamoja na hayo amekutandikia kitanda. Sijui kama mimi ningeweza. Mimi nilishinda kwa hila na bado sikutaka kukuachia.

Nimeviweka visu vyote viwili kwenye mfuko wako, ndani ya soksi, usije ukajikata. Mwonyeshe pamoja. Mweleze habari ya jiwe la kunoa. Kovu mweleze pia, ajue halikuwepo alipokuacha, na kwamba macho yake hayakumdanganya. Mwambie ni mimi. Usinipunguzie.

Nilijaribu kumwambia mwenyewe. Saa ile ulipotoka nilichukua nambari uliyoibandika ukutani nikampigia. Nilikuwa nimepanga maneno yote. Alipokea upesi, nikasikia kelele za soko nyuma yake na mtu akimuuliza bei. Nilipotaja tu kwamba ni mimi wa Kitale, sauti yake ikashuka, ikawa ya heshima, kama mtu anayeongea na mkubwa wake.

"Habari yako, Mama Nekesa," akasema.

Nilikata simu.

Mwambie wewe.

Ni mimi, mamako